Barua Iliyolala Upande wa Baba

Laptop niliyompa baba ilikuwa imechoka tangu siku ya kwanza. Niliinunua kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa akihamishwa, nikatungia mitihani kwayo kwa miaka minne, na betri ilipoanza kukata roho baada ya dakika ishirini nikaona sasa inamfaa mzee. Ndivyo tunavyowapa wazazi wetu vitu, tunangoja vituchoshe kwanza. Darasani nawafundisha wanafunzi kuiita kipakatalishi. Nyumbani sijawahi kulitamka neno hilo bila kucheka, na baba, aliyefundisha shule ya msingi hadi akastaafu, aliniambia kuwa mtu aliyelibuni hakuwa na haraka ya kwenda popote.

Baba alikuwa katibu wa mradi wa maji kule kwetu, juu ya Molo, kwenye mashamba ambayo zamani yalikuwa ya mzungu mmoja. Kumbukumbu za mikutano aliziandika kwa mkono katika madaftari makubwa yenye jalada jeusi, mpaka nilipompelekea hiyo mashine. Nilimfundisha mambo matatu: kuifunua, kuhifadhi kazi, na kuifunika. Kuzima sikumfundisha. Stima ya kule ina tabia ya kwenda bila kuaga, na kuzima na kuwasha kungemchosha, kwa hivyo niliipanga kwamba ikifunikwa ilale usingizi mzito, ule wa kuweza kukaa hata mwezi bila moto, na ikifunuliwa imrudishe kwenye neno lilelile aliloliacha.

"Usizime, baba. Wewe funika tu."

Alinitii kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha. Sidhani aliwahi kuizima hata mara moja.

Mimi ndiye binti wa kwanza, na kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya yake, mama mzazi wa baba. Kwa hivyo baba aliniita Mama. Hakuwa akitania. Nikimletea chai mbele ya wageni aliipokea kwa mikono miwili. Mama yangu naye aliniita mama mkwe, na huko ndiko kulikokuwa na utani, hasa nilipothubutu kusema mchuzi wake umezidi chumvi. Nilikua nikiamini kwamba mimi peke yangu, katika watoto wote, siwezi kufukuzwa katika nyumba ile. Nani humfukuza mama yake?

Nilifukuzwa. Ilikuwa siku ya kusherehekea maji. Kamati nzima ilikuja kula kwetu, na wazee, na mchungaji, na watu wawili kutoka ofisi ya maji waliovaa tai. Mbuzi alikuwa akichomwa nyuma ya ghala. Maji yalikuwa yamefika kwa majirani wa chini, yamefika kanisani, yamefika shuleni. Jikoni kwa mama hayakuwa yamefika. Katibu, ili asije akasemwa kuwa amejipendelea, alikuwa ameliweka jina lake la mwisho kabisa kwenye orodha. Basi nikiwa nimekaa pale na sahani mapajani, nikamwona mama anapita katikati ya wageni akitoka mtoni, jerikeni mgongoni, kamba imembana paji la uso. Maji ya kupikia sherehe ya maji. Alikuwa na miaka sitini na kitu.

Ulimi hauna mfupa. Nilisimama nikasema, watu wote wakisikia, kwamba baba yangu ameandika habari za maji miaka yote hii na mke wake bado ni punda wake.

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja wa kamati aliweka mfupa chini polepole. Baba alinyanyuka, akaniita kwa jina langu la shule, jina ambalo hakuwa amelitumia hata siku moja, akasema, "Usikanyage hapa tena mpaka nikuite mwenyewe."

Neno la namna hiyo kutoka kwa mzazi tunaliita kirumi. Mzazi akilisema kisha akafa kabla ya kulitengua, hakuna mwingine wa kulitengua, hata mchinje kondoo wangapi. Mimi ni mtu niliyesoma. Nilijiambia yale yalikuwa maneno ya hasira na kwamba ataniita kabla ya Krismasi. Nikangoja. Nilingoja miezi tisa nikijifanya singoji. Ningeweza kwenda mwenyewe nikapiga magoti mlangoni, najua, nimejiambia hivyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Lakini nilikuwa na kiburi, na nilikirithi kwake. Kila Jumapili mama alinipigia simu akiwa shambani, mbali na masikio ya mzee, tukaongea habari za viazi na magoti yake. Nikimuuliza mzee anasemaje, alinijibu, "Yuko." Siku moja aliongeza kwamba mzee ana presha na kliniki wamekataza asikasirishwe.

Kisha asubuhi moja shangazi, dada yake baba, akanipigia. Baba hakuwa ameamka.

Nilikanyaga pale bila kuitwa. Siku ya mazishi shangazi alinishika mkono langoni, akaniangalia sana, akauliza, "Alikuita?" Akauachilia mkono wangu akaenda kuangalia sufuria za chakula. Nilimwaga udongo wangu kaburini kama wengine, na udongo wa kwetu wakati wa mvua hung'ang'ania kiganja, ilinibidi niupanguse kwa majani.

Tangu siku hiyo sikuwa mzima. Si kwamba nililia sana. Nilikuwa nikigeuka. Nakuru, ninakoishi, mwanamke wa umri wangu huitwa mama na kila mtu: muuza nyanya, makanga, askari wa benki. Mtu akisema "mama" nyuma yangu, nageuka mwili mzima, kisha naona ni kijana anauza soksi. Nilikuwa nikigeuka mara kumi kwa siku. Sikumwambia mtu, maana ningesema nini?

Wiki tatu baada ya mazishi, mwenyekiti wa mradi akamwomba mama kumbukumbu za mikutano, kwa kuwa zote zilikuwa ndani ya mashine. Mama akaifunga laptop ndani ya leso akaituma kwangu. Ujumbe wake kwenye simu ulikuwa mfupi: wewe ndiye ulimpa, wewe fungua.

Niliifunua mezani kwangu, Lanet, Jumapili baada ya kanisa. Ikaamka. Kioo kikawa cha buluu, katikati pameandikwa KATIBU, na chini yake kisanduku cha neno la siri. Hicho kisanduku sikukiacha mimi. Nilimpa mashine isiyo na kufuli. Kufuli alijifundisha mwenyewe, kwa ajili ya siri za kamati. Nikajaribu kwanza jina la mama yake, ambalo ni jina langu. Likakataa. Nitasema ukweli, liliniuma kuliko swali la shangazi. Nikajaribu namba yake ya simu, jina la shule yake, jina la mama, mwaka aliostaafu. Yote yakakataa. Nikaifunika.

Jumatatu nikaipeleka shuleni kwa mwalimu wa kompyuta. Ni binti mdogo kwangu, ana mzaha mwingi na kucha ndefu ambazo mwalimu mkuu hazipendi, lakini mikono yake inajua kazi.

"Madam, hii ni kitu ya dakika arubaini," aliniambia. "Tunafuta, tunaweka Windows mpya."

"Usifute chochote."

"Chochote?"

"Hata nukta."

Akanitazama, akaelewa. Akatoa flash kwenye funguo zake. "Basi tuingie na mlango wa nyuma. Hii iko na Linux. Ni ya bure, mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuifungua aone vile imetengenezwa, hata kuibadilisha. Nyinyi wa Kiswahili si mnaitanga programu huria?"

"Ndivyo tunavyoiita."

"Sasa hii inaweza tembea kutoka kwa flash peke yake. Haiguzi kitu ya mzee. Unajaribu, ukichoka unachomoa, unapata kila kitu iko vile ilikuwa."

"Kwa hivyo zitakuwa mbili, mashine moja."

"Mbili kabisa. Kama wake wenza," akasema, kisha akakumbuka nina msiba, akajiziba mdomo. Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, na nilijisikia vibaya hapohapo.

Maandishi meupe yalikimbia kwenye kioo cheusi, kisha ukatokea uwanja mpya kabisa, rangi zake si za baba, vitufe vyake si vya baba. Mwalimu akabonyeza alama ya diski ili tuingie upande wa mzee. Badala ya kufunguka, likaja onyo kwa Kiingereza. Alilisoma mara mbili kabla ya kunieleza.

"Madam, inasema huu upande mwingine haujazimwa. Umelala tu. Kuna kazi alikuwa anafanya na iko wazi bado. Tukifungua kwa nguvu, kile hakikuwa kimehifadhiwa kitapotea."

"Iko wazi wapi?"

"Hapo ndani. Vile aliacha." Alikuwa ameacha kutania. "Lakini zile alihifadhi tunaweza kuona. Nitafungua ya kusoma tu. Hatuguzi."

Akafungua. Kumbukumbu zote zilikuwepo, zimepangwa kwa miezi kama vile alivyopanga madaftari. Tukazinakili zote. Mwishoni palikuwa na faili moja ambayo haikuwa na mwezi. Jina lake lilikuwa MAMA.

Mwalimu wa kompyuta alisema anaenda kutuletea chai. Alikaa sana huko, na nilimshukuru.

Baba yangu hakujua kuandika barua ya aina nyingine. Ilikuwa na kichwa cha habari, imepigwa mstari, KUH: KURUDI NYUMBANI, na ilikuwa na vifungu kama mkutano.

Kifungu cha kwanza, Salamu. Kwako Mama, natumai u mzima. Sisi ni wazima, isipokuwa magoti ya mama yako.

Kifungu cha pili, Yatokanayo. Katika mkutano uliopita ulitamka maneno mbele ya watu. Maneno yenyewe yalikuwa ya kweli, ila mahali hapakuwa pake. Bomba la jikoni limekwisha kuwekwa. Nilitaka uje ulione.

Kifungu cha tatu, Kuitwa. Nilimwagiza mama yako akupigie simu kwamba ninakuita. Nimearifiwa naye kuwa alikupigia, na kuwa ulijibu una mitihani na huna nafasi. Nimelifikiri jambo hilo kwa wiki tatu.

Kifungu cha nne, Maazimio. Kwa hivyo nimeamua

Hapo ndipo ilipoishia. Hakuna nukta. Nilisukuma ukurasa chini nikidhani kuna zaidi, ukaja mweupe mtupu.

Sikupigiwa simu. Ninaandika hivi kwa herufi za kawaida lakini siku ile nilisema kwa sauti, peke yangu katika chumba cha kompyuta, "Sikupigiwa simu." Mama alinipigia kila Jumapili na hakuna Jumapili hata moja aliyoniambia ninaitwa. Baba aliniita. Kirumi alikitengua mwenyewe, kwa kinywa chake, na neno lile likaishia njiani. Na alikwenda kaburini akiamini kwamba nilipoitwa nilisema nina karatasi za kusahihisha.

Mwalimu wa kompyuta aliporudi na vikombe nilimuuliza kama sehemu iliyobaki ya kifungu cha nne inaweza kupatikana. Alisema kama mzee aliendelea kuandika baada ya kuhifadhi mara ya mwisho, basi maneno hayo yako palepale, upande uliolala, nyuma ya kufuli. Ziko njia za kuvunja kufuli, lakini zote alizozijua zilihitaji kuandika kitu upande ule, na kuandika kungemwamsha mzee vibaya na kumwaga alichokuwa ameshika. Alisema hivyo, "kumwamsha mzee", kisha akasema pole.

"Ni neno la siri, ama iachwe hivyo."

"Iachwe," nikasema.

Kumbukumbu za maji nilimtumia mwenyekiti. Flash mwalimu aliniachia. Na kwa kuwa yangu ya nyumbani ilikuwa imeharibika kioo, nikaanza kuitumia ile ya baba, kwa upande wa flash. Ndivyo nilivyoijua Linux, kwa kupanga chumba cha uani huku mwenye nyumba amelala nyumba kubwa. Mwanzoni niliichukia. Vitufe vya kufunga vilikuwa mahali nisipopazoea, na programu ya kuandikia ilinipigia mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili, ukurasa mzima ukavuja damu. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baada ya mwezi nilikuwa natunga mitihani humo, nahesabu alama humo, na nimeipa picha ya ukutani ya shamba la pareto. Mwalimu wa kompyuta alifurahi. Aliwaambia walimu wengine kwamba nimeokoka.

Hakujua sababu iliyonifanya niwe mwangalifu hivyo. Kila nilipoiwasha nilihakikisha flash imeingia sawasawa. Kila nilipomaliza nilihakikisha imetoka. Nilikuwa nafanya kazi juu ya kitanda cha mtu.

Lakini siku moja nilisahau. Jumamosi moja mchana nilibonyeza bila flash, na kabla sijagundua, kioo kikawa buluu na lile neno KATIBU likanitazama. Saa pembeni ilikuwa nyuma kwa masaa matatu. Baadaye niliambiwa ni jambo la kawaida, mifumo miwili ikikaa mashine moja hubishana kuhusu saa, mmoja unahesabu saa za Uingereza na mwingine za kwetu. Wakati ule sikujua. Nilichoona ni kwamba kwangu ilikuwa saa nane mchana, na upande wa baba bado ni saa tano asubuhi, na sikuweza kuondoa macho. Nikaketi. Nikajaribu MAMA, kisha majina ya ng'ombe. Nikajaribu zaburi aliyoipenda. Nikajaribu lile jina langu la shule, nikiomba likubali na nikiomba likatae.

Likakataa. Na stima ikapotea.

Taa ya chaja ilizimika na jokofu likanyamaza. Betri ile, niliyoiona kuwa inamfaa mzee, sasa ilikuwa haifikishi hata dakika tano. Ikifa kabla ya kulala, kifungu cha nne kimekwenda. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa sekunde kadhaa sikuweza kukumbuka la kufanya, mimi niliyemfundisha. Kisha nikaifunika. Taa yake ndogo ikapepesa, ikapepesa, ikazimika, na sikuwa na njia ya kujua kama imelala au imekufa.

Stima ilirudi kesho yake. Nikachomeka flash, nikabonyeza diski ya baba, na onyo likaja: upande huu umelala, kuna kazi haijahifadhiwa. Nililia kwa furaha mbele ya onyo la kompyuta. Na nilipomaliza kulia nikajua siwezi kuendelea hivi, kwamba kuna mtu mmoja hai ambaye naweza kumuuliza, na ndiye ninayeogopa kumuuliza. Muhula mzima mama alikuwa akinipigia Jumapili, viazi, magoti, na mimi nikimjibu vizuri. Nilikuwa na swali moja tu na sikuliuliza.

Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti nilikwenda. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni, ule wa Molo ambao adhuhuri inakuwa kama alfajiri, na mama alikuwa jikoni anamenya viazi karibu na moto. Bomba lilikuwepo, limetokeza ukutani, chini yake beseni ya buluu. Tuliongea lugha ya nyumbani. Hapa naitia katika Kiswahili kadiri niwezavyo. Alinipa kigoda na chai, akauangalia mfuko wangu.

"Umeileta," alisema. "Kamati walipata mambo yao. Mimi je? Nisomee barua."

Sikuwa nimemwambia kuna barua. Sikuwa nimemwambia mtu.

Nikachomeka flash, nikaifungua faili, nikasoma. Salamu nilizisoma vizuri, na kwenye magoti yake akatabasamu. Yatokanayo niliyasoma. Nikatazama kifungu cha tatu, nikamtazama mama, amezeeka, kisu mkononi, maji ya viazi yakimtiririka kwenye vifundo. Muhula mzima niliupanga wakati huu, nilikuwa na maneno yangu yote tayari. Nikakiruka. Nikaenda moja kwa moja kwenye cha nne.

"Umeruka cha tatu," mama akasema.

Hakuinua uso.

"Baba yako hakuandika kimya. Neno alilisema kwanza kwa sauti, halafu ndipo alipolitafuta kwa kidole. Nilikuwa hapa nilipo sasa na yeye pale mezani, mlango wazi. Barua hiyo niliisikia yote, herufi kwa herufi."

Nikamuuliza kwa nini. Sauti yangu ilitoka ndogo, si ile niliyoipanga.

Alisema kwamba baba alipomtuma yeye alitoka nje na simu, akasimama kando ya tangi, akaiweka sikioni, akahesabu moyoni, akarudi akamwambia baba kuwa nina mitihani. "Kliniki walisema akikasirika atakufa. Nilijua mdomo wake na nilijua wako. Mngeanza na salamu, mkafika kwenye bomba, mkafika kwenye punda. Nilisema, wacha dawa zifanye kazi kwanza, nitampigia mwezi ujao." Akatupa kiazi kwenye sufuria. "Nilitaka aishi. Hakuna kingine nilichotaka."

"Na cha nne? Aliamua nini?"

Hapo ndipo aliponiangalia. "Alisema, kwa hivyo nimeamua nisikuite tena. Mtu mzima huitwa mara moja. Akaandika hivyo. Akakaa kidogo. Kisha akaifunika, akaniomba chai ya tangawizi."

Moto ulikuwa unatoa moshi. Nilikuwa nimelinda maneno hayo kwa miezi, nimeyahamia, nimeyalilia, na yalikuwa hapa jikoni wakati wote, kwa mtu aliyekuwa akinipigia kila Jumapili.

"Usiku ule sikulala," mama akasema. "Nilisema, kesho akiamka nitamwambia ukweli. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyoanza. Nikaamka kabla yake, nikawasha moto, nikamwekea maji ya kunawa. Nikangoja aamke."

Alilia bila kuacha kumenya. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata kaburini. Mimi nilitaka kumkumbatia na nilitaka kutoka nje nipige ukuta kwa ngumi. Ni kwa ajili yake nilisimama siku ile mbele ya wageni. Nilimpoteza baba yangu kwa ajili ya jerikeni iliyokuwa mgongoni mwake, na ni yeye aliyefunga mlango nilipofunguliwa. Nilikasirika, na nilimpenda, vyote viwili vimo kifuani mwangu mpaka leo na hakuna kimoja kinachomlaza mwenzake.

"Umenisamehe?" akauliza.

"Nimekusamehe, mama," nikasema, upesi, kama mtu anavyoitikia salamu.

Akashusha pumzi ndefu. Akapangusa macho kwa mgongo wa mkono, akaenda kwenye bomba akasuuza viazi, akaanza kunieleza habari za jirani aliyeuza ng'ombe. Alikula vizuri mchana ule. Shangazi aliniambia baadaye kwamba tangu nilipokwenda mama analala usingizi wake wote na amerudi kuimba kanisani.

Sijamsamehe. Nimejaribu na bado. Ninajiambia nitamweleza ukweli likizo ijayo, akiwa ametulia.